Asanteni sana wote mliomchangia binti yetu ada ya chuo

Habari zenu ndugu, jamaa na marafiki. Naandika kwa niaba ya familia yetu, yaani mie, binti yangu na mdogo wake, kuwashukuru kwa ule mchango. Ada ya semista imelipwa yote, binti amesajiliwa, kitambulisho anacho na jina lake lipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Risiti zote nimeziweka kwenye grupu ili kila aliyetoa aone hela yake imefanya nini.

Jamani kusomesha chuo peke yako ni kazi nzito sana. Watu wengi wanajua ada tu, lakini kuna usajili, bima, hosteli, laptopu, nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo, kuprinti kazi kila wiki, na kula ni kila siku, vyote hivyo vinamwangalia mtu mmoja mwenye mshahara mmoja. Mkopo alipata kweli ila haukugusa ada yote, tena uliingia chuo kimeshafunguliwa siku nyingi na chuo nacho kinataka chake mwanzoni. Binti alishaanza kuniambia mama ngoja niahirishe mwaka nitafute kibarua nikusaidie. Yaani mtoto aliyefaulu vizuri vile, nilikuwa silali.

Na kilichotutesa kuliko vyote ni zile fomu za kuombea mkopo. Pale kwenye sehemu ya baba wanataka kipato chake, kazi yake na sahihi yake, ukiacha wazi fomu inarudi. Aliyefiwa ana cheti cha kifo anaambatanisha basi, sasa sisi ambao mwenzetu yupo hai ila mtoto hamjui wala senti hatoi tunaambatanisha nini? Hapo ndo nataka nimshukuru kwa namna ya pekee kaka yangu mkubwa, alikaa na mimi mezani mpaka usiku akapanga karatasi zote, cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, kiapo nilichoapa mbele ya mwanasheria kwamba mtoto analelewa na mama peke yake, akahesabu kopi moja moja, halafu akasaini yeye mwenyewe kama mdhamini wa mkopo wakati na yeye ana wanae wanasoma. Kaka Mungu akutunze.

Na yule mhasibu wa chuo aliyetuelekeza kwamba mzazi anaweza kuandika barua kuomba kulipa kwa awamu, asante sana dada. Wenzangu mnaolea peke yenu na watoto wanakaribia kuingia chuo naomba mlishike hili, nendeni ofisi ya ada mapema kabla tarehe haijapita, ombeni mpango wa awamu kwa maandishi na mbaki na kopi yenye muhuri, kwa sababu karibu na mtihani foleni inakuwa kubwa na wengi wanakosa kusikilizwa.

Majirani zangu mliokuwa mnamchukua mdogo wake shuleni nikiwa shifti ya jioni, mnampa chakula na kumsimamia homuweki mpaka nirudi, nyie hamkuonekana kwenye orodha ya michango lakini bila nyie zile ovataimu nisingezifanya. Kuna mama mmoja kwenye grupu alikuwa anatuma kidogo kidogo kila akipata, na kila akituma anaandika "ya daftari la mwanetu", wewe mama nimekuombea sana. Wafanyakazi wenzangu, wanakikundi, walimu wake wa sekondari, siwezi kumtaja kila mmoja ila wote tunawajua na tunawashukuru, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza baba yake yuko wapi, mlitoa tu.

Kiasi kilichobaki kama tulivyokubaliana kwenye grupu hakitaguswa mpaka ada ya semista ijayo, kipo kwa mweka hazina. Matokeo yakitoka binti ataweka mwenyewe mjionee, ameniomba niwaambie hivyo.

Mweka hazina anafunga orodha mwisho wa mwezi huu, kama kuna aliyetoa na haoni jina lake amtumie ujumbe wa muamala arekebishe. Asanteni sana, Mungu awarudishie pale mlipopunguza.

Mama na wanae wawili