Sheria itaje kikomo cha matengenezo ya gari jipya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie masaibu ya mtu anayenunua gari jipya kabisa, kisha likaanza kumsumbua wakati deni la benki bado bichi. Sheria zetu zinampa haki mnunuzi huyo, lakini hakuna mahali zinapotaja gari lirudishwe gereji mara ngapi ndipo muuzaji alazimike kulibadilisha au kurudisha fedha. Kwa sababu ya pengo hilo, muuzaji anaweza kumzungusha mteja mpaka waranti, yaani dhamana ya kutengenezewa gari bure, iishe.

Mimi ni mfanyabiashara wa Ngamiani, hapa Tanga, na nilinunua pikapu mpya ya dizeli ya kubebea machungwa kutoka Muheza. Tangu miezi ya mwanzo, ikipakiwa mzigo na kupanda kilima hupoteza nguvu ghafla, taa ya injini huwaka, na haivuti tena mpaka izimwe na kuwashwa upya. Gereji ya muuzaji iko Dar es Salaam, umbali wa takriban kilometa 350. Gari likifika huko halina mzigo na taa imekwisha kuzimika, hivyo jibu huwa ni kwamba hakuna tatizo lililoonekana. Muuzaji simtaji, kwa kuwa mazungumzo yetu bado yanaendelea.

Jibu hilo halitoshi, na mafundi wanaolitoa wanajua. Injini ya dizeli ya siku hizi huongozwa na kompyuta inayopokea taarifa za sensa (vifaa vya kupima hali ya injini) nyingi, na kompyuta hiyo ikiona shinikizo la mafuta yanayokwenda kwenye nozeli zinazoyanyunyizia ndani ya injini limeshuka, au hewa inayosukumwa kwenye injini na feni yake, yaani tabo, inavuja, hupunguza nguvu kwa makusudi ili injini isiharibike. Huhifadhi pia namba ya hitilafu na, kwa kawaida, hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji. Kuzimika kwa taa, basi, si uthibitisho kwamba gari ni zima. Fundi anayefuta kumbukumbu hizo bila kuzichapisha na kumpa mwenye gari nakala amefuta ushahidi ambao mteja hawezi kuupata kwingine, na jambo hilo linaniuma kuliko hitilafu yenyewe. Nawasihi wenye magari mapya wadai nakala hiyo kila wanapokwenda, pamoja na karatasi ya kazi inayoeleza lalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, tarehe na kilometa. Anayeondoka na maneno matupu atakuja kuambiwa kwamba hakuwahi kulalamika.

Ipo pia lawama ya mafuta machafu, ambayo huelekezwa upesi kwa sisi tulio nje ya Dar es Salaam. Sikatai kwamba uchakachuaji umewahi kulisumbua taifa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, katika mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Lakini anayedai mafuta ni mabaya achote sampuli kwenye tangi mbele ya mteja, chupa ifungwe na pande zote mbili zitie saini, kisha ipelekwe kupimwa. Mteja naye atunze risiti za kituo anachojazia. Bila kipimo, lawama hiyo haipaswi kuwa sababu ya kukataa waranti.

Upande wa sheria, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamhesabu mnunuzi kuwa ameipokea bidhaa akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kutamka kwamba anaikataa, na akishahesabiwa hivyo kwa kawaida hubaki na haki ya kudai fidia tu. Tazama, Mhariri, jinsi mtu muungwana anavyoumia: anakubali gari litengenezwe, anasubiri, anarudi tena kwa subira, na subira yake inaweza kugeuzwa kuwa hoja ya kumpinga. Bima kubwa nayo haimsaidii, kwani kwa kawaida hailipi ubovu wa mitambo, na gari likipelekwa kwa fundi wa mtaani, muuzaji anapata kisingizio kingine cha kuikana waranti.

Nchi nyingine zimekwisha kuweka tarakimu. Jimbo la Connecticut nchini Marekani lilipitisha mwaka 1982 sheria ya magari mapya yenye kasoro, iliyotaja matengenezo 4 ya hitilafu ileile, au siku 30 za gari kukaa gereji, kuwa kipimo cha kwamba kampuni iliyounda gari imepewa nafasi ya kutosha. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, humruhusu mlaji kurudisha bidhaa mbovu ndani ya siku 30, na baada ya hapo humpa muuzaji nafasi moja ya kuitengeneza. Afrika Kusini, iliyo jirani yetu zaidi, humpa mlaji miezi 6 ya kudai bidhaa itengenezwe, ibadilishwe au fedha zirudishwe.

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji. Naiomba Tume, pamoja na wizara yenye dhamana ya biashara, ipeleke bungeni kifungu kinachotaja idadi ya matengenezo na siku za kusubiri kwa gari jipya, kinachomtaka muuzaji atoe nakala ya kumbukumbu za kompyuta kila gari linapopimwa, na kinachosimamisha hesabu ya waranti kwa siku zote ambazo gari limelala gereji. Muuzaji asiye na gereji katika mkoa wa mteja abebe pia gharama ya kulisafirisha gari au ya kumtuma fundi, kwa sababu wakati wa kuuza hakuulizia umbali.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga