Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA: tarehe ya kufa iandikwe kwenye boksi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya teknolojia ya habari na mawasiliano,

YAH: TAREHE YA MWISHO WA VIRAKA VYA USALAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Viraka ni masahihisho ya programu ambayo kampuni hutoa ili kuziba matundu wanayopitia wadukuzi.

Mimi ni fundi kompyuta. Hivi karibuni niliitwa kwenye maabara ya zahanati moja kuangalia kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kupimia damu. Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikapima diski. Nzima. Hata feni ilikuwa inazunguka bila kelele. Nilipoiwasha ikaleta ujumbe kwamba haikidhi vigezo vya Windows 11: prosesa yake ni ya kizazi cha nyuma, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 haina. Windows 10 iliyomo ndani yake ilifikia mwisho wa huduma, yaani viraka vyake vya kawaida vilikoma, tarehe 14 Oktoba 2025. Mhasibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniuliza: "Sasa fundi, siku ile tunanunua, hawa watu walikuwa hawajui?"

Walijua, Mheshimiwa. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe hiyo ya Oktoba 2025 ilikuwa kwenye ratiba ya Microsoft tangu mwanzo. Lakini ilikaa kwenye ukurasa wa tovuti ambao mnunuzi hapiti. Kwenye boksi waliandika ukubwa wa diski na kasi ya prosesa. Na jambo ambalo hata anayesoma ratiba asingeweza kulijua ni kwamba mrithi, Windows 11, aliyekuja 2021, angezikataa kompyuta ambazo bado zina nguvu za kufanya kazi.

Wengi hudhani mashine iliyokatiwa viraka inabaki salama kama ilivyokuwa jana yake. Haibaki. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vyake, na vikishatoka tu wadukuzi huchukua faili la zamani na jipya, wakayalinganisha kipande kwa kipande. Palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Sehemu kubwa ya Windows 11 imerithiwa kutoka Windows 10, kwa hiyo kiraka cha mtoto kinageuka ramani ya kuingilia nyumbani kwa mzazi. Kadiri kampuni inavyoziba vizuri kule, ndivyo inavyowaanika walioachwa huku. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tufanye nini mwenye udongo akigoma kutupa.

Na udongo upo. Viraka vya Windows 10 bado vinatengenezwa. Kampuni inayotaka kuendelea kuvipata hulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza na kwingineko duniani, Microsoft ilitoa kiraka cha Windows XP kwa kila mtu, bure, ingawa XP ilikuwa imestaafishwa tangu Aprili 2014. Nawapongeza kwa hilo. Ila nilijifunza pia kwamba neno "haiwezekani" katika biashara hii mara nyingi lina maana ya "haitulipi".

Nisionekane nawaonea. Hakuna kampuni inayoweza kuhudumia msimbo wa zamani milele, na mimi mwenyewe nimewahi kulaani kuukarabati. Tena, kompyuta nyingi zilizopigwa na WannaCry hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka chake kilitoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hapo lawama ni yetu, mafundi na wakubwa wetu tunaobonyeza "nikumbushe baadaye".

Lakini niulize kwa nini watu huahirisha. Kiraka cha usalama huja kwenye gunia moja na mapambo: vitufe vimehamishwa, tangazo limejichomeka kwenye menyu, printa haitambuliki tena. Mtu akiumwa mara mbili, ya tatu hafungui mlango. Na uoga huo una sababu: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja. Kiraka kingekuja peke yake, bila mapambo, wangekubali wengi.

Wenzetu wameanza. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, mtengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyotumia intaneti lazima atangaze atavihudumia kwa muda gani (cha ajabu, kompyuta za kawaida zimeachwa nje ya sheria hiyo). Umoja wa Ulaya umepitisha sheria itakayobana kikamilifu kuanzia Desemba 2027, na kipimo chake cha kawaida ni angalau miaka mitano ya viraka. Watengenezaji wa simu nao, Google na Samsung, sasa wanaahidi miaka saba kwa baadhi ya simu zao. Kumbe wakitaka wanaweza kutaja tarehe.

Ombi langu ni hilo tu, Mheshimiwa: tarehe ya kiraka cha mwisho iandikwe juu ya boksi, kwa maandishi makubwa kama ya dawa inapoandikwa muda wake wa kuisha. Iwe kwa kompyuta, simu, ruta na kamera. Wala huhitaji kusubiri bunge ili uanze. Wizara yako hununua kompyuta kwa zabuni. Weka sharti hilo kwenye zabuni ijayo, na asiyetaja tarehe asifunguliwe bahasha.

Ile kompyuta ya maabara nimeichomoa waya wa mtandao. Programu ya mashine ya damu haijathibitishwa kufanya kazi kwenye Windows nyingine, kwa hiyo majibu ya wagonjwa sasa hubebwa kwa flashi hadi mapokezi. Flashi hiyo ni moja, na nimeambiwa wakati mwingine huazimwa kwenda kuchapisha barua nje.

Wako mtiifu,
Fundi kompyuta