Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima: Jinsi Kamba Anavyopatanisha Miguu Yake

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha katika shule yetu hapa Nairobi, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ili uje kusikiliza habari za mnyama ambaye wengi wetu tulimfahamu kwanza akiwa kwenye sahani.

Mnyama huyo ni kamba wa maji baridi, yule mwekundu anayevuliwa Naivasha. Si mwenyeji wa ziwa hilo. Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, naye aliletwa Naivasha mwaka 1970. Ndiyo maana tumekubaliana kwamba wawili tulio nao hawatatupwa katika Mto Nairobi hata kidogo.

Tulimchagua kwa sababu ya swali lililozuka siku ya gwaride. Skauti wetu wanane, kila mmoja akiwa na miguu miwili tu, walishindwa kwenda sambamba mpaka mwalimu alipowapigia kelele za "kushoto, kulia". Mwenzetu mmoja akauliza: je, kamba mwenye jozi 19 za viungo, tangu vipapasio hadi mkia, ni nani anayempigia kelele hizo?

Mheshimiwa, ili kupata jibu tulitazama tumbo lake. Chini ya mkia, yaani nyuma ya miguu ya kutembelea, kamba ana viungo vidogo mfano wa makasia, ambavyo katika klabu tunaviita vikasia, na jozi 4 kati ya hivyo ndizo zinazosukuma maji. Tuliweka kioo cha kujitazamia chini ya beseni la kioo, tukamshika kamba mgongoni na kumwinua kidogo ndani ya maji hadi miguu yake ikakosa pa kukanyaga. Mara vikasia vikaanza kazi. Kikasia cha kulia na mwenzake wa kushoto vilipiga kwa pamoja, lakini jozi hazikupiga kwa wakati mmoja: ilianza ya nyuma kabisa, ikafuata iliyo mbele yake, kisha nyingine, mpaka tukaona kama wimbi linalotoka mkiani kuelekea kichwani. Tulipoirudisha video ya simu ya mwalimu picha baada ya picha, tuliona kwamba kila jozi huichelewa ile iliyo nyuma yake kwa takriban robo ya pigo zima.

Jambo hili wataalamu walilieleza zamani. Mwaka 1960 Hughes na Wiersma waliandika kuhusu mwendo wa vikasia vya kamba wa aina hii hii, na mwaka 1964 Ikeda na Wiersma wakaonyesha kwamba uzi wa neva wa tumboni, hata ukitengwa na kichwa, huendelea kutoa mdundo ule ule. Hapo ndipo tulipopata jibu ambalo hatukulitarajia, kwa kuwa sote tulidhani ubongo ndio unaohesabu. Katika kila pingili ya tumbo mna fundo la neva, na ndani ya fundo hilo kila kikasia kina kituo chake chenye uwezo wa kutoa mdundo peke yake. Kutoka mbele huja amri ya kuanza au kukoma, lakini hesabu ya mapigo hufanywa na vituo vyenyewe.

Basi vituo hivyo hupatana vipi? Kwa kupashana habari. Kikasia kinaposukuma maji, seli maalumu ya neva hupeleka taarifa kwa vituo vilivyo mbele. Kinaporudi kujiandaa, seli nyingine hupeleka taarifa kwa vilivyo nyuma. Kila kituo hupokea taarifa za wenzake na kurekebisha saa yake kidogo. Kwa sababu hiyo kamba anaweza kuharakisha au kupunguza mapigo na bado robo ile ikabaki robo. Wala mpangilio huo si wa bahati tu, kwani hesabu za mwendo wa maji zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa wimbi la kutoka nyuma kwenda mbele, lenye kuchelewa kwa robo, husukuma maji vizuri kuliko vikasia vyote kupiga pamoja au wimbi kwenda kinyume.

Miguu ya kutembelea ina uhuru zaidi. Mmoja wa kamba wetu alipoteza mguu ndani ya ndoo alipokuwa akisafirishwa, nasi tulidhani atachechemea, lakini miguu iliyobaki ilibadilisha zamu zake na akatembea. Hata kaa wa ufuoni, ambaye baadhi yetu tumemkimbiza Mombasa bila kumpata, huenda upande huku miguu jirani ikipokezana kuinuka na kukanyaga.

Hatari inapotokea ghafla, hata hivyo, mashauriano huwekwa kando. Ukimgusa kamba kwa kishindo tumboni, neva nene sana huamuru misuli ya tumbo ikaze kwa mpigo mmoja, naye huruka. Kiranja wetu, ambaye shati lake lililowa maji hadi kwenye kola, ni shahidi.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni upimaji. Simu tuliyotumia hupiga picha 30 kwa sekunde. Kamba akipiga mara moja kwa sekunde, robo ya pigo ni kama picha 7 au 8, na hilo tunaliona vyema. Akipiga mara 4, robo hiyo haizidi picha 2, na hatuwezi kusema kwa uhakika kama imebaki robo. Kwa heshima tunaomba msaada wa kamera inayopiga picha 240 kwa sekunde, pamoja na pampu ndogo ya hewa ya beseni.

Kamba mwenyewe yuko kwenye meza ile ya dirishani. Tunakuomba, kabla hujaenda kula, umshike mgongoni, nyuma kidogo ya magando, umwinue ndani ya maji, kisha utazame kwenye kioo na uhesabu ukianzia mkiani.

Tunawasilisha.