Barua ya wazi kwa vijana wanaosoma Kilatini: kuhusu kitenzi putare

Wanangu wapendwa mlioko seminarini,

Nimefundisha Kilatini kwa miaka mingi, na kila mwaka nilikuta madaftarini maneno yaleyale: putare, kufikiri. Tafsiri hiyo si kosa, lakini imeficha kisu kilichomo ndani ya neno lenyewe.

Mrumi wa kale alipotamka putare akiwa shambani, alimaanisha kupogoa mizabibu, na mwenye kazi hiyo aliitwa putator. Varro, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 116 kabla ya Kristo, aliandika kwamba maana ya asili ya kitenzi hiki ni kusafisha: mti husafishwa kwa kupogolewa, hesabu husafishwa kwa kupitiwa mpaka jumla yake itulie, na mazungumzo ambayo maneno yake yamepangwa bila kuchanganyikana, hata maana ikang’aa, ndiyo yanayoitwa disputare. Kutoka shina hilohilo limetoka amputare, yaani kukata vitawi pande zote, neno ambalo baadaye lilichukuliwa na matabibu. Limetoka pia computare, kujumlisha hesabu, ambalo kwa kupitia Kiingereza limetupatia kompyuta.

Nilipokuwa mdogo, baba alinikabidhi mkasi nipogoe mibuni. Nilikata matawi makavu tu, kwa kuwa hayo hayamtii mtu uchungu. Aliporudi aliinama, akashika chipukizi bichi lililosimama wima, lenye majani yanayometa, akanionyesha kuwa lilikuwa likinyonya shina bila kuzaa, kisha akalikata mbele yangu. Nawasihi mlikumbuke chipukizi hilo kila mnapoandaa mdahalo. Hoja iliyokauka kila mtu huitupa. Inayotuponza ni ile tunayoipenda, mfano mtamu mdomoni ambao hauthibitishi lolote, na ambao tunaubakiza kwa sababu tulitaabika kuutafuta.

Ni kweli kwamba Warumi wenyewe walilitumia neno hili mpaka makali yake yakapungua, hata puto, katika mazungumzo ya kawaida, ikawa “nadhani” tu. Hata hivyo anayejifunza lugha sharti aanzie kwenye makali. Kwa hiyo, mkifungua madaftari yenu leo, andikeni mbele ya putare kwanza kupogoa, kisha kupitia hesabu, na kufikiri mkuweke mstari wa tatu.

Mwalimu wenu mstaafu