SGR: mistari imejaa, intaneti imekwama

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa intaneti kwenye treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma huishia kwenye jibu moja: minara iongezwe. Ni kweli inahitajika, hasa kwenye vilima na mahandaki ya Kilosa. Lakini abiria ambaye simu yake inaonyesha mistari yote na bado picha haipandi, huenda tatizo lake si mnara. Mawimbi yanafika, mtambo wa mnara ndio unaoshindwa kuyasoma.

Mawimbi hayafiki kama yalivyotoka. Njiani hupungua nguvu, hugonga mabehewa na vilima, na awamu yake, yaani mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake, huzunguka. Kwa hiyo simu huchomeka katikati ya data ishara rejea, ambayo mnara unaijua tangu awali. Mnara hulinganisha kilichofika na kilichotumwa, hupata makadirio ya chaneli, yaani jinsi njia ilivyoyabadilisha mawimbi, kisha hunyoosha data iliyo jirani. Kwenye 4G, simu inapotuma data, ishara hiyo huja mara moja kila nusu milisekunde. Kwa mtu anayetembea kwa miguu chaneli haibadiliki sana ndani ya muda huo, hivyo kuchukua wastani wa ishara mbili zinazofuatana hupunguza kelele kwa desibeli 3, yaani nusu, bila gharama yoyote. Ni njia nzuri, ila haifai kwenye treni.

Mwendo wa treni hii, kilomita 160 kwa saa, ni mita 44 kwa sekunde. Kwenye bendi ya megahezi 1,800, mwendo huo husogeza masafa kwa takriban hezi 267. Simu hujifunga kwenye masafa ya mnara yaliyokwisha kusogea, hutuma kwa masafa hayohayo, na mawimbi yakirudi mnarani husogea tena. Mnara unapokea kosa la hezi zipatazo 530, na ndani ya nusu milisekunde awamu imezunguka nyuzi 96. Kila ishara rejea ikichorwa kama mshale unaoonyesha nguvu na awamu yake, wastani wa mishale miwili iliyopishana nyuzi 96 ni mshale uliofupika kwa theluthi moja, ulio kombo nyuzi 48 kutoka kila mmoja. QPSK, yaani kubeba data kwa awamu nne, njia ngumu kuharibika kuliko zote ambazo data ya 4G ya kawaida hutumia, huvumilia nyuzi 45 tu. Data inaharibika hata pasipo kelele kabisa. Kuongeza nguvu hapo ni kumpaazia sauti mtu asiyejua lugha yako.

Dawa iko kwenye programu ya mtambo. Mnara upime tofauti ya awamu kati ya ishara rejea mbili, ukokotoe kosa la masafa na kulirekebisha, ndipo uchukue wastani. Kipimo hicho kinaaminika mradi kosa halivuki hezi 1,000, yaani mzunguko wa nyuzi 180. 5G ya megahezi 3,500 hupita hapo kidogo kwa mwendo huu, kwa hiyo ishara rejea za ziada ndani ya kila sloti (kipande cha muda wa kutuma) ziwashwe. Zinakula nafasi ya data, lakini nafasi isiyosomeka haina faida. Kuwahamishia abiria bendi ya megahezi 800 nako kunasaidia: mzunguko unashuka hadi nyuzi 43 hivi.

Kuna mtego mmoja. Ili simu zisihamehame kutoka seli, yaani eneo la huduma la mnara, hadi seli nyingine, redio (mitambo ya kutuma na kupokea mawimbi) kadhaa kando ya reli huunganishwa ziwe seli moja. Simu iliyojifunga kwenye redio ya mbele huonekana huko ikiwa na kosa la hezi 530, na redio iliyobaki nyuma huiona karibu bila kosa. Mawimbi hayo yakijumlishwa kwanza, hakuna rekebisho moja litakaloyafaa yote. Kila redio irekebishe kosa lake kabla ya kujumlisha.

Kabla fedha hazijatolewa, pimeni nguvu ya mawimbi na kiwango cha vipande vya data vinavyokataliwa, treni ikiwa imesimama stesheni ya Morogoro na tena ikiwa kwenye mwendo kamili. Nguvu ikiwa chini ya dBm -110 (dBm ni kipimo cha nguvu; namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi), ongezeni minara, au redio ndani ya mabehewa, kwa sababu bati na vioo vya behewa navyo humeza mawimbi. Makosa yakitokea sehemu zilezile kwa sekunde chache, chunguzeni simu zinavyohama kati ya seli. Lakini nguvu ikiwa karibu dBm -90 na makosa yakapanda na kushuka pamoja na mwendo, shida ni makadirio ya chaneli.

Mikataba ya vifaa idai kipimo hicho ndani ya treni yenyewe. Gari la kupimia mtandao likipita barabara ya Morogoro kwa kilomita 80 kwa saa, awamu huzunguka nyuzi 48 tu, kombo linakuwa 24, na ripoti itaandika kwamba mtambo hauna tatizo.

Wahandisi wa redio,
Dar es Salaam