YAH: Sanamu ya Sokrates iliyokwanguliwa kwenye kaunta yenu

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenye kaunta yenu ya mizigo Jumanne iliyopita.

Masharti ya mizigo mnayajua, sitawasomea. Kaka yangu alilipia mzigo Tanga na kwenye fomu akaandika "sanamu ya kale, isifunguliwe". Nilipofika kuuchukua, boksi lilikuwa limeshachanwa, sanamu imelazwa chali juu ya kaunta, na kijana wenu anamkwangua Sokrates, mwanafalsafa yule wa Ugiriki ya kale, paji la uso kwa ufunguo wa pikipiki. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafanya nini?" Akajibu bila kuinua macho: "Mama, tulidhani dhahabu. Kumbe chuma chakavu, hata elfu tano hupati." Wenzake wakacheka.

Ile si chuma. Ni shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na ule ukijani mliouona uchafu ndiyo ngozi yake ya miaka mingi. Wanaotunza vitu vya kale huipitishia kitambaa kikavu, basi. Ukishaikwangua, hairudi. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge la Mgiriki. Mashamba yalipotaifishwa 1967 na bwana yule akafunga safari, ndipo alipomwachia baba sanamu hii. Baba hakuisugua hata siku moja, hata siku ya Idi nyumba nzima ikisuguliwa. Sasa pajini kuna mistari mitatu inayong'aa kama sarafu mpya, mmoja umeteremka mpaka puani.

Na simu je? Jumatatu nilipiga mara nne. Mara ya tatu dada mmoja akaniambia mzigo bado uko Segera. Kumbe ulishafika tangu Jumamosi, muhuri wa kupokelea nimeuona kwa macho yangu. Siku tatu mzigo wangu uko mikononi mwenu, nami nadanganywa!

Narudia, maana usiku sipati usingizi. Ufunguo ule ulikuwa na kamba nyekundu. Alikwangua, akapuliza unga, akatazama, akakwangua tena, mimi nimesimama pale na kitambulisho mkononi. Halafu akaigonga kwenye kaunta asikie mlio, akasema, "Pua bapa, macho kama chura, ni nani huyu?" Ni Sokrates, Ndugu Meneja. Wanafunzi wake Plato na Xenofoni ndivyo walivyomweleza, pua bapa na macho ya kutokeza, na aliyeisubu sanamu ile alijua anachofanya. Mezani kwa baba ndipo nilipojifunza kwamba mtu huyu alihukumiwa kunywa sumu Athens mwaka 399 KK. Kijana angeuliza kwa adabu, ningemweleza yote.

Nilikusudia kuomba barua ya radhi na kurudishiwa nauli ya mzigo, shilingi 15,000. Haitoshi tena. Nataka mlipie mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale aikague, mnilipe thamani iliyopungua, na kijana yule aje aniombe radhi yeye mwenyewe, nyumbani kwangu.

Nawapa siku saba. Siku ya nane, barua hii na picha za sanamu zinafika Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, wanaowapa leseni, na nakala kwa wakili. Picha za kamera ya kaunta msizifute: ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mimi, mwenye mzigo.