Pimeni mtutu kabla ya kununua kalibu

Mhariri,

Makala yenu ya kujaza risasi kwa mkono niliisoma kwa hamu hadi pale mwandishi aliposema kwamba bunduki ikiandikwa .303, mtu achukue kalibu yoyote ya .303 (chombo cha kumiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa), kazi imekwisha. Hapo sikubaliani naye kabisa. Kosa hilo limenipotezea miezi.

Namba ile ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa inchi, kutoka tuta hadi tuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji iliyochongwa ndani yake. Risasi ya kumimina inatakiwa ijaze mifereji, tena izidi kidogo, kama milimita 0.03 hivi. Na Lee-Enfield za zamani, bunduki za Kiingereza za .303, hasa za wakati wa vita, hazilingani: nyingine mifereji yake ni karibu milimita 7.90, nyingine hupita 7.98.

Yangu nilikuwa nailisha risasi za milimita 7.92. Karatasi ya shabaha ikatoboka matundu marefu, maana risasi zilifika kiubavu. Ndani ya mtutu ukaganda utando wa kijivu, nikausugua jioni nzima. Wenzangu wakanishauri niongeze antimoni, madini ya kukazia, ili risasi iwe ngumu. Hali ikazidi kuwa mbaya. Kumbe gesi ya baruti ilikuwa inapenya pembeni, inaikwangua risasi na kuyabandika mabaki mtutuni. Na ile ngumu ndiyo kwanza haitanuki kuziba pengo.

Nikaamua kupima. Bunduki tupu, bolti imetolewa, nikapaka mafuta mtutuni na kusukuma kipande cha madini ya risasi laini yasiyochanganywa kitu, pole pole, kwa fimbo ya shaba. Kilitoka kimechorwa mifereji yote kama lakiri iliyogongwa muhuri. Lakini hata hapo nilidanganyika. Lee-Enfield yangu ina mifereji mitano, hivyo kila mfereji unatazamana na tuta, na maikromita (kifaa cha kupimia unene) ya kawaida husoma pungufu. Nilisoma 7.90 nikaridhika, nikarudi kusugua. Niliporudia kwa maikromita yenye kitako cha umbo la V, nikapata 7.98. Tangu nianze kutumia risasi za 8.00, mtutu unabaki safi na matundu yanakaa pamoja.

Lipo na jambo zito zaidi ambalo makala haikuligusa. Risasi ikiwa nene mno, shingo ya ganda la baruti linaloishika hubana ndani ya chemba, pale ganda linapokaa nyuma ya mtutu. Ikikosa nafasi ya kutanuka na kuiachia risasi, mgandamizo hupanda na bunduki yaweza kupasuka usoni mwa mtu. Ganda lililojazwa lazima lipimwe shingoni na kulinganishwa na chemba, hata kama mifereji inadai risasi nene.

Naomba mchapishe masahihisho katika toleo lijalo. Wapo wasomaji ambao wameshaanza kutafuta kalibu kwa kufuata ile makala.

Mlenga shabaha wa miaka mingi